Gari la Viti Viwili

Miembeni, Bukoba
12 Septemba 1971

Mwalimu Damian, shemeji yangu,

Dada yako Benigna anakusalimu sana, na Jovita pia, ambaye ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema neno linatoka na mluzi. Sisi ni wazima. Ziwa limechafuka wiki mbili na samaki wamepanda bei, ila ndizi mlizompa Ishengoma wa basi zilifika, isipokuwa mkungu mmoja ambao nadhani Ishengoma aliuonea huruma njiani. Mfikishie mama mkwe heshima zangu, kutoka mlangoni kama kawaida yetu.

Sasa keti, ndipo usome. Nimenunua gari.

Unamkumbuka Bwana Jivraj, yule mwenye duka la vitambaa ulikoshonesha suti ya harusi? Nyumba yake ya ghorofa ilitaifishwa mwezi wa nne pamoja na nyingine, na sasa anahamia Uingereza kwa mwanawe. Miaka tisa nimepita mbele ya duka lile nikienda ofisi ya ardhi kuchora ramani zangu, na kila siku nimelitazama gari lake. Ni Alfa Romeo, la Kitaliano, jekundu kama buni iliyoiva, paa lake ni turubai linalokunjwa, na lina viti viwili tu. Wiki jana aliniita ndani. Akasema, "Rwegasira, wengine wote wameligusa gari hili. Wewe peke yako umelitazama tu." Akanitajia bei ambayo hata pikipiki mpya haipatikani. Aliponipa ufunguo aliipapasa taa ya mbele kama mtu anayemuaga ng'ombe wake wa maziwa, kisha akaingia ndani bila kugeuka. Nilitaka kufurahi, nikaona aibu. Nilifurahi nilipofika nyumbani.

Shemeji, gari hili si langu peke yangu, ni letu. Siku yoyote ya shida huko Ijumbi, wewe tuma simu tu. Saa mbili hazitapita, nitakuwa mlangoni kwenu.

Nduguyo,
Datius Rwegasira


Ijumbi, Muleba
3 Oktoba 1971

Muramu, shemeji yangu, Bwana Mkubwa wa Viti Viwili,

Barua yako imenikuta na madaftari sitini na manne ya kusahihisha, ikanipa sababu ya kuyaacha. Hatujambo. Klaudia alijifungua salama tarehe 19, mtoto wa kiume, naye tumempa jina la marehemu baba, Clavery. Mvua imewahi, na maharage ya mama kule rweyani, kwenye mbuga nje ya migomba, yameshika vizuri. Shule imepewa shamba la kujitegemea, ekari mbili za mahindi. Watoto wanalima kuliko wanavyosoma, nami nalima nao, maana mkaguzi akija siku hizi anatazama viganja vya mwalimu kabla ya kutazama ubao.

Nilimsomea mama barua yako akiwa anamenya ndizi. Penye viti viwili akanisimamisha.

"Viwili tu?"

"Viwili, mama."

"Kimoja chake, kimoja cha Benigna. Na mtoto?"

"Mapajani."

Akamenya ndizi tatu nzima. Kisha akauliza, "Na siku nikiugua mimi?"

Tulicheka, mimi na Klaudia, halafu tukaacha kucheka. Kweli, Datius, ulifikiri? Miaka minane umeoa kwetu, na wewe na mama hamjashikana mkono hata siku moja. Anakusalimu akiwa chumbani nawe ukiwa sebuleni, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Ndivyo wakwe tunavyoheshimiana, wala silaumu. Lakini mtu kama huyo utambebaje bega kwa bega? Labda umfunge juu ya boneti kama mkungu wa ndizi.

Ninatania, ila hili la mwisho sitanii. Barabara ya kwetu unaijua kwenye karatasi, ambako umeichora imenyooka na wino mweusi. Daraja la chini ya kilima bado ni magogo saba. Ta Kagaruki, yule mzee anayekata matete pale, ndiye anayeyapanga upya kila mvua ikiyasogeza. Hata Landrova ya mapadri huvuka pale kwa ishara ya msalaba. Hongera kwa gari. Nimekuonea wivu siku mbili, ya tatu nikapona.

Shemeji yako,
Damian


Miembeni, Bukoba
28 Novemba 1971

Shemeji Damian,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, na hongera nyingi kwa Clavery. Mungu amkuze. Benigna amemfumia kofia ya manjano, utaipata kwa Ishengoma. Jovita amepanda darasa. Senene walianguka vizuri mwaka huu, ofisi nzima ilikuwa na harufu ya kukaanga.

Huku mambo si mabaya, ila si mepesi. Tawi la chama waliniita. Katibu akaniuliza mbele ya watu kumi na wawili kama Azimio la Arusha nimelisoma au nimelisikia redioni. Kijana mmoja nyuma akaniita naizi, yaani tajiri mpya wa baada ya uhuru. Niliona moto usoni, nikasimama nikawaambia kwamba gari lile ni la jamaa zangu wote wa mjini na wa vijijini, kwamba mgonjwa yeyote wa kwetu atabebwa nalo. Wakapiga makofi, machache, lakini walipiga.

Tatizo ni vipuri. Bwana Jivraj alikuwa akivipata Kampala, na tangu mambo ya huko yaharibike mwezi wa kwanza hakuna tena njia ya kuvitegemea. Fundi Philbert wa Hamugembe alilala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. Chombo cha mafuta ya injini kiko shibiri moja tu kutoka ardhini. Anasema kikigonga jiwe, kingine hakipo Afrika Mashariki yote, labda niende Italia kwa miguu. Ameniomba mara mbili alijaribu barabarani. Nimekataa. Si kwa ubaya, Philbert ni dereva mzuri kuliko mimi. Sipendi tu mkono mwingine kwenye usukani ule.

Kila jioni naliosha mwenyewe. Unaweza kucheka. Sijawahi kumiliki kitu kizuri namna hii, na nikiligusa asubuhi likiwa na umande nasahau hata katibu wa tawi.

Benigna hajambo. Siku hizi anakwenda sokoni kwa miguu, anasema anapenda kutembea. Krismasi tutajitahidi kuja.

Datius


Ijumbi, Muleba
9 Januari 1972

Muramu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa tungeweza kupeana uso kwa uso. Kofia ya manjano inamkaa Clavery mpaka puani, lakini haivui. Kahawa haikuwa nyingi. Rubisi, ile pombe ya ndizi ya Krismasi, ilikuwa nzuri, na chupa yako ipo, kama hajaigundua mtu.

Benigna na Jovita walifika kwa basi tarehe 23, wamechoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Mama alikuwa ameomba akina mama jirani wafagie njia kutoka barabarani mpaka uani kwa ajili ya gari. Watoto wa shule walikuwa wamepanga wimbo. Nilipomwambia kwamba umebanwa na kazi, alisema, "Kazi ni kazi," akaenda kumwambia jirani kwamba mkwe wake anachorea serikali ramani hata sikukuu. Mimi nilijua ofisi za serikali hufungwa sikukuu. Nilikukasirikia, Datius, na bado hasira haijaisha, ndiyo maana barua hii ni fupi.

Kitu kimoja cha kukuchekesha. Mama alimhoji Jovita kuhusu gari kuliko polisi. Linalia vipi? Jovita akamwigizia mlio wake, kwanza ule mkoromo wa chini, kisha kile kikohozi linapobadilishwa gia, na kwa lile pengo la meno alilipatia hasa. Mama akamrudisha aige tena na tena mpaka tukaomba amani. Halafu akauliza, kati ya kiti na kiti kuna nini? Jovita akamwambia kuna fimbo ambayo baba huisukuma. Fimbo iko juu kiasi gani? Basi tangu siku hiyo anashona kitu. Nikiingia anakificha chini ya mkeka. Nimemuuliza, ananiambia niende nikasahihishe madaftari.

Damian


SIMU YA MAANDISHI
Posta Muleba, 13 Aprili 1972

RWEGASIRA OFISI YA ARDHI BUKOBA
MAMA MGUU HALI MBAYA STOP LETE GARI LEO STOP DAMIAN


Miembeni, Bukoba
17 Aprili 1972

Mpendwa shemeji,

Naandika nikiwa na wasiwasi mkubwa, sijui barua hii itawakuta katika hali gani. Nasali mama awe amepata nafuu. Benigna aliondoka Ijumaa kwa basi na Jovita mara nilipomwonyesha simu yako, bila hata kunywa chai, hivyo sina wa kuniletea habari. Wasalimie wote. Huku mvua haijakatika tangu Pasaka.

Simu niliipata Alhamisi ile ile, saa tatu asubuhi. Niliwaza sana, Damian. Ulisema wewe mwenyewe mwaka jana: viti ni viwili. Kumweka mama mkwe wangu bega kwa bega na mimi, safari nzima, goti langu likimgusa kila nikibadili gia, mbele ya macho ya kila mtu njiani, ningekuwa nimemvua heshima ambayo nimeitunza miaka minane. Nikasema mgonjwa hawezi kuongezewa na aibu. Nikaenda kuomba Landrova ya ofisi, nikaambiwa iko Biharamulo na wapima ardhi. Nilibaki Bukoba nimekosa la kufanya, nikijua wewe una watu na machela. Naamini umenielewa, wewe unayejua mila zetu kuliko mimi.

Tafadhali niandikie upesi.

Datius


Ijumbi, Muleba
30 Mei 1972

Datius,

Tuko hai sote. Clavery anatambaa. Mahindi ya shule yameliwa na ngedere, na barua kutoka wilayani inauliza kwa nini. Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nilikuwa nikianza kukujibu naacha.

Mama alijikata na jembe akiwa rweyani, Jumatatu baada ya Pasaka. Akajifunga kitambaa, akaendelea kulima. Alipotuonyesha, mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini na vidole vimebadilika rangi. Mganga wa zahanati akasema hospitali, leo hii. Niliendesha baiskeli mpaka posta kabla ya mapambazuko, nikasubiri wafungue, nikakupigia simu ile. Saa nne nilikuwa nimerudi. Tukambeba mama mpaka juu ya kilima, pale njia inapokutana na barabara, tukamkalisha kwenye kiti cha sebuleni ili usipate taabu ya kushuka. Mimi nikaenda kutafuta watu wa machela kwa tahadhari. Klaudia alikaa naye, akarudi ndani kumnyonyesha mtoto, akatoka tena. Mama hakukubali kuondolewa pale. "Mkwe wangu amesema saa mbili hazitapita," alisema. Alisubiri mpaka saa kumi, mvua ikampata. Ndipo nikaamuru wabebe machela. Tulifika hospitali ya mapadri kesho yake asubuhi.

Wamemkata mguu chini ya goti. Daktari hakusema kitu kuhusu muda. Sista mmoja alinivuta pembeni, akaniambia kidonda cha aina ile kina saa zake.

Sasa kuhusu mila. Unajua alikuwa ameshika nini mapajani siku ile kutwa nzima? Pazia. Ndicho alichokuwa akishona tangu Krismasi. Ni kanga zake mbili alizoziunganisha, zina vitanzi vya kamba za migomba juu vya kutundika, na chini amekata tundu na kulipinda vizuri ili fimbo ya gia ipite na mkono wako ufanye kazi bila kumgusa. Alikuwa amelimaliza tatizo lako kabla hujaliona. Wala hakukulaumu. Amelala kitandani hospitali anawaambia wagonjwa wenzake kwamba mkwe wake ni mtu wa heshima ya kale, alikataa kukaa naye kiti kwa kiti hata kwa hatari, wakwe kama hao wamekwisha duniani. Wanamsifu. Na mimi nakaa pale nasikiliza.

Benigna anamuuguza. Anasema atarudi Bukoba mama akipona. Sijamuuliza zaidi.

Jambo la mwisho, na nimelichelewesha kwa sababu sikutaka liwe kweli. Tulipovuka daraja na machela niliona upande wa pili alama za magurudumu membamba kwenye tope, zimekuja mpaka kwenye magogo, zikageuka. Sikutaka kuzifikiria. Juzi Ta Kagaruki alikuja hospitali kumpa mama pole. Akaniuliza kando, yule bwana wa tai aliyekuja siku ile na kigari chekundu, akashuka, akayapima magogo kwa kiatu chake, akarudi, ni nani? Nimemwambia simjui. Sijamwambia mama, wala Benigna.

Damian


Miembeni, Bukoba
2 Julai 1972

Shemeji,

Sina habari za nyumbani kwa sababu nyumba haina mtu. Nakula kwa mama ntilie karibu na soko. Salamu zangu kwa mama sijui nizipeleke kwa njia gani.

Ni kweli. Nilipata simu, nikaondoka papo hapo, nakuapia, hata koti nililisahau ofisini. Sikuwaza mila. Niliwaza jina langu, jinsi nitakavyofika na watu waone. Mpaka Muhutwe gari lilikwenda vizuri, baada ya hapo nikaanza kusikia mawe. Kila jiwe lililogonga chini nililihesabu. Nilipofika darajani maji yalikuwa yanapita juu ya gogo la mwisho. Nilishuka, nikakanyaga magogo, yakacheza. Nikarudi ndani nikakaa. Nikawaza chombo cha mafuta, nikawaza kwamba kikitoboka pale gari litabaki kwenye tope na watoto watachezea juu yake mpaka liwe chuma chakavu. Nilikuwa naona kilima. Nilijua kuna mtu juu anasubiri. Nikajiambia Damian ana machela.

Nikageuza. Njiani kurudi ndipo nilipoikumbuka mila, nikaishika kama mtu aliyeokota mwavuli wa mwenzake. Philbert angeweza kuendesha, hilo nalo nililijua. Kesho yake nilimwonyesha Benigna simu nikamwambia imefika asubuhi hiyo. Kwa hiyo yeye pia nimemdanganya.

Nimeliosha gari mara moja tu tangu siku ile. Nitaliuza. Nitakuja kwa basi, nisimame mlangoni pa mama, nimwambie yote kwa kinywa changu. Niambie siku ya kuja.

Datius


Ijumbi, Muleba
20 Julai 1972

Datius,

Mama ametoka hospitali, anatembea kwa magongo uani na kuku wanamkimbia. Klaudia na mtoto wazima. Kahawa mwaka huu inaahidi.

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilitaka kuja Bukoba kukupiga. Mara ya nne nililia, sijui kwa ajili ya nani.

Usije kusema lolote. Unataka kutua mzigo wako, na atakayeubeba ni mwanamke wa mguu mmoja. Sifa za mkwe ndizo anazotembelea sasa, hayo magongo ni nyongeza tu. Ukimnyang'anya hizo utakuwa umemkata mara ya pili. Wala usiuze gari. Ameniagiza nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie mkwe wangu pazia lipo. Siku ya Kupalizwa Bikira Maria nataka kwenda kanisani kwa gari lake, watu waone."

Kwa hiyo utakuja na gari. Utavuka yale magogo kwenda na kurudi. Utampeleka na kumrudisha, na utasikiliza akikusifu. Hiyo ndiyo adhabu niliyokupangia, sina nyingine.

Damian


Miembeni, Bukoba
20 Agosti 1972

Damian, shemeji na ndugu yangu,

Tulifika salama Jumatano, mimi, Benigna na Jovita, kwa basi la Ishengoma. Jovita alitapika mara moja tu. Nyumba ilikuwa na vumbi na panya mmoja, Benigna amevishinda vyote viwili. Mshukuru Klaudia kwa kuku, na mwambie Clavery kofia yake nimeiona Jovita ameivaa.

Wakati wa kuagana nilikuambia kwamba gari limebaki uani kwako kwa sababu chombo cha mafuta kimetoboka. Kimetoboka kweli, ulikiona kikichuruzika mwenyewe. Lakini sikukuambia yote, na nimechoka kuficha vitu.

Wewe ulitundika pazia, ukamsaidia mama kuingia, ukafunga mlango, mkatutangulia kanisani kwa miguu. Tulipoanza kushuka kilima sikumwona, niliona kanga tu, na magongo yake yametokeza mbele. Nilikuwa naendesha kama nimebeba mayai, nikikwepa kila jiwe. Akasema kutoka upande wake, kwa sauti ile ile anayonisalimia nayo akiwa chumbani, "Mkwe wangu, usikwepe. Yapite. Ndiyo yananijulisha tumefika wapi."

Nikaacha kukwepa. Chini pakaanza kulia.

Darajani akaniambia nisimame. Nikasimama. Akauliza, "Siku ile ulikaa hapa muda gani?"

Nilisema, "Kama robo saa, mama."

Akasema, "Nilikusikia. Jovita alinifundisha mlio wake, nikaujua tangu ulipopita shule ya chini. Ukaja mpaka hapa, ukanyamaza. Nikatoa rozari nikaanza kukuombea uvuke. Kumi la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu nikiwa katikati, nikasikia gari linalia tena, kisha linakwenda mbali. Nikamaliza yaliyobaki, maana rozari haiachwi katikati. Klaudia alipotoka nikamwambia hakuna aliyekuja."

Nikamwuliza kwa nini ananisifu basi mbele ya watu wote. Akasema, "Ningesema nini? Kwamba binti yangu ameolewa na mtu aliyesikia nakufa akageuka? Angerudi kwako kwa uso gani? Mguu ulikuwa wangu, nimeutoa. Nyumba ni ya Benigna." Kisha akakohoa, nikajua analia, au mimi ndiye niliyekuwa nalia, pazia halikuonyesha. Akaongeza, "Haya nimekuambia kwa sababu kuna kanga kati yetu. Uso kwa uso nisingeweza. Benigna utamwambia mwenyewe. Damian usimwambie, ana hasira za baba yake. Sasa vuka, Misa itaanza."

Nikavuka. Gogo la mwisho ndilo lililotoboa chombo. Nilisikia likitoboa, na sikusimama, wala wakati wa kurudi sikusimama mpaka uani kwako.

Kwa hiyo nimemwasi kwa kukuambia, na nakuomba umfiche kwamba unajua, kama alivyotuficha sisi. Benigna nimemwambia ndani ya basi, kati ya Muhutwe na Kemondo. Tuliposhuka akanipa mfuko wa viazi nibebe, akatangulia.

Philbert anakuja huko Jumamosi na bati na vifaa vyake vya kulehemu, anasema ataliziba. Akimaliza kuziba atakaa kwako wiki mbili akufundishe kuendesha, nimeshakubaliana naye, naye amefurahi kwa sababu hatimaye atakaa kwenye kiti kile. Hospitali wanataka kumwona mama kila mwezi, na gari litabaki Ijumbi. Ufunguo niliuacha juu ya kabati la vitabu vyako, nyuma ya kamusi.

Ukishajifunza, shusha lile pazia ulikunje, umrudishie kanga zake. Wewe ni mwanawe, unaweza kukaa naye bega kwa bega.

Shemeji yako,
Datius